Sista na Ndege wa Kurnell

Sista hakushika darubini kama wanavyoshika watu wengine wanaotazama ndege. Wale wengine tuliokuwa tukikutana nao Kurnell, ufukwe wa kusini mwa Sydney, wastaafu wa Kizungu wenye kofia pana na suruali za mifuko mingi, walimwona ndege kwanza kwa macho, ndipo wakainua darubini, wakamtazama, wakaishusha na kunong'onezana jina lake. Sista alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, akavuta kofia yake ya sufu mpaka kwenye nyusi, akaanzia kushoto, kwenye miamba. Aliisogeza darubini polepole juu ya maji hadi kulia, macho yanapokomea, kisha akaishusha kidogo na kurudi kushoto. Alikwenda na kurudi hivyo mpaka akafikia povu la ufukweni. Ndege akimpitia mbele ya kioo, alimtaja. Asipompitia, aliendelea.

Mtoto wake alichukuliwa na wimbi pale. Nalisema mapema kwa sababu halikuwa siri. Sisi wote tunaozungumza Kiswahili huku magharibi ya Sydney tulilijua. Brayo, mwanawe wa pekee, fundi umeme, alikwenda kuvua samaki na wenzake wa kazini Jumamosi moja ya mwezi wa saba. Wimbi lilipanda juu ya mwamba likabeba wawili. Mmoja aliokolewa na helikopta. Brayo hakuokolewa, na hakupatikana. Walimtafuta kwa boti, kwa helikopta, kwa wapiga mbizi, halafu ikafika siku hawakuja tena.

Basi Sista akanunua darubini.

Nilikuwa nimemjua miaka mingi kabla ya hapo. Nilipoingia kazini hospitali ya Westmead, katika wodi ya wazee, nilikuwa msaidizi mgeni kutoka Tanga mwenye Kiingereza cha darasani, na yeye alikuwa nesi mkuu wa zamu, Mkenya mrefu mwenye sauti iliyofika mwisho wa korido bila kupandishwa. Wauguzi wa Kifilipino, wa Kihindi, hata Waaustralia wenyewe walimwita Sista, wakidhani ni jina lake. Alinipokea kwa kunicheka Kiswahili changu.

"We Bongo," alisema siku ya kwanza, na tangu hapo sikuitwa jina langu tena. "Naomba, samahani, tafadhali, kama hutojali. Mgonjwa atakufa na kiu ukiendelea kubembeleza hivyo. Sema lete maji!"

Lakini yeye huyohuyo, aliyewaamrisha madaktari, nilimkuta mara nyingi amepiga magoti sakafuni akimvisha soksi kikongwe aliyemtukana asubuhi nzima. Alimvisha taratibu, akivuta soksi isikunjike kisiginoni, akimsimulia kwa Kiswahili mambo ambayo yule kikongwe hakuyaelewa hata kidogo. Nilimwuliza kwa nini asitumie Kiingereza. Akasema, "Kiingereza ameshakichoka, huyu. Miaka tisini!"

Jambo moja liliwaudhi madaktari wachanga. Mgonjwa akifa, Sista hakukubali familia iambiwe kwamba "ametutoka" au "amepumzika" au kwamba "wamempoteza". Aliwavuta kando wale vijana, akawaambia waseme amekufa. Walipojitetea kwamba neno ni gumu, aliwajibu, "Ni gumu, ndiyo. Lakini ukimpa mtu neno laini, atakaa mlangoni akingoja mgonjwa wake atoke." Nimemwona mwenyewe akiingia katika chumba cha familia, akaketi, akashika mikono ya mjane, akasema lile neno mara moja, kwa sauti ya kawaida, halafu akakaa kimya muda wote uliohitajika.

Lile neno hakuwahi kulitamka juu ya Brayo. Wala hakuruhusu mtu alitamke mbele yake. Mchungaji wa ushirika wao wa Wakenya aliomba, Jumapili moja, kwa ajili ya roho ya marehemu kijana wetu. Sista aliinuka katikati ya maombi, akachukua mkoba wake na sufuria yake ya chapati aliyokuwa ameileta kwa ajili ya chakula cha mchana, akatoka. Wiki iliyofuata alipeleka chapati kama kawaida, akaziacha mlangoni, akaondoka bila kuingia. Aliendelea hivyo miaka yote. Kanisa lilikula chapati zake, na kiti chake kilikuwa kitupu.

Nilianza kwenda naye ufukweni baada ya simu moja.

"We Bongo, Jumapili uko ofu?"

"Niko ofu, Sista."

"Unapenda ndege?"

"Ndege wa kupanda au wa kuruka?"

"Wa kuruka."

"Siwajui."

"Hata mimi siwajui. Kuja na gari."

Alikuwa ameacha kuendesha. Nilitoka kwangu Auburn, nikampitia kwake, akaingia na kiti chake, chupa ya chai, blanketi la Kimasai na darubini shingoni. Hatukuzungumza mpaka tulipovuka daraja la kuingia upande wa kusini wa ghuba. Hapo akaniambia sharti lake: mpaka amalize kuitazama bahari yote mara ya kwanza, nisimsemeshe. Baada ya hapo naweza kuongea hata upuuzi. Nilitii. Nilikaa kwenye mchanga wenye unyevu, upepo wa kusini ukinichoma masikio, nikimwangalia akienda kushoto na kulia, na nikajua hatutazami ndege. Nadhani alijua kwamba nimejua. Alipomaliza alimimina chai, yenye tangawizi mpaka machozi yanatoka, akasema, "Nimeona mwari watatu. Wanene, kama wazee wa kanisa."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mwaka, baridi ilipoingia. Desemba, ambayo huku ni majira ya joto, hakukanyaga mchanga. Watu wakijaa majini, watoto wakipiga kelele za furaha, alijifungia ndani na mapazia yake. Lakini ikifika mwezi wa sita, fukwe zikibaki za upepo na watu wenye mbwa, simu yangu ililia.

Kitabu cha ndege alikinunua, kikubwa, chenye picha za rangi. Alikikalia. Mchanga wa baridi ulimwumiza nyonga alipotaka kushuka kwenye kiti na kunyoosha miguu, kwa hiyo alikiweka chini, akakaa juu yake. Majina ya humo hayakumvutia. Aliwapa ndege majina yake. Yule mweusi na mweupe mwenye mdomo mrefu mwekundu, anayetembea kwenye mwamba akipekua chaza, alimwita Padri Aliyeonja Divai. Wale weupe wakubwa wanaokunja mabawa angani na kuanguka majini wima, aliwaita Misumari. Vitwitwi vidogo vinavyokimbia mbele ya povu na kurudi nyuma yake, aliviita Watoto wa Nasari, yaani wa chekechea, na alivigombeza kwa Kiluhya vilipokaribia maji mno. Mzee mmoja wa kofia pana alimsikia siku moja, akaja kwa ukarimu kumweleza majina sahihi. Sista alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamkaribisha chai. Mzee alipoondoka aliniambia, "Anajua mengi. Huyu mkewe anapata taabu."

Alicheka. Lazima niliseme hili, kwa sababu watu waliomwona kwa mbali walidhani amekuwa mtu wa kununa. Alicheka kwa mwili wote, akijipiga paja. Kisha akashika tena darubini, akaanza tena kushoto, kwenye miamba.

Nyangumi hakuwapenda. Wakati huohuo wa baridi hupita pwani ile wakielekea kaskazini, na watu hufurika kwenye majabali na kamera zao. Mara ya kwanza tulipowakuta, kitu cheusi kiliinuka kwenye maji mbali kidogo na miamba, kikang'aa, kikazama. Sista alisimama ghafla hata kiti kikaanguka. Watu walishangilia. Yeye alikuwa amefumba mdomo kwa kiganja. Kiliinuka tena, kikapuliza maji juu, ndipo akakaa. Tulirudi garini. Akafunga mkanda, akaniambia, "Usinilete siku za nyangumi." Lakini siku za nyangumi hazitangazwi. Kila majira tulikutana nao, na kila mara alisimama.

Kuna upande wa ndani wa ghuba, penye matope maji yakitoka, ambako tulikwenda siku za upepo mkali. Pale tuliwakuta ndege wa rangi ya majani makavu, wenye midomo mirefu iliyopinda kidogo kwenda juu. Ubao uliosimamishwa pale ulieleza kwamba wakubwa wao huondoka baridi inapokaribia, wakavuka bahari zote mpaka kaskazini kabisa ya dunia kwenda kutaga mayai. Wale wachanga, ambao hawajapata nguvu, hubaki Sydney peke yao mpaka wakubwa warudi. Nilimsomea kwa sauti, nikidhani litampendeza.

"Wanawaacha?" aliuliza.

"Wanawaacha. Halafu wanarudi."

"Mama gani huyo?"

"Sista, ni ndege."

"Najua ni ndege! Nauliza ni mama gani." Alikuwa amekasirika kweli, macho yamemtoka. "Unaondokaje kama mtoto wako yuko kwenye maji? Unaruka unaenda wapi? Unalala wapi?"

Nilielewa anamjibu nani. Mume wake alikuwa amerudi Kenya.

Mumewe hakuwa mtu mbaya, na Sista mwenyewe hakuwahi kumsema vibaya. Alikuwa mtu mpole aliyefanya kazi ghalani, na baada ya Brayo hakuweza tena kupita karibu na maji, hata mto wa Parramatta. Alirudi kwao. Na kwao, mtu akipotea asipatikane, watu hawamwachi hivihivi bila kaburi. Hukata shina la mgomba, hulivisha nguo zake, hulilaza kwenye jeneza na kulizika kama mwili wake, wakilia kama inavyopasa. Mume alimwomba Sista aende wafanye hivyo. Ukoo ulimwomba. Kila mwaka walimwomba, na kila mwaka alikataa.

Nilikuwapo siku mume alipopiga simu tukiwa ufukweni. Upepo ulikuwa mkali, hivyo aliweka spika na kuikumbatia simu kifuani chini ya blanketi, nami nikasikia yote.

"Mama Brayo, mvua zimekaribia. Mgomba uko tayari nyuma ya nyumba. Tunakungoja wewe."

"Mnizikie mgomba wenu. Mimi sina habari na migomba."

"Si mgomba. Ni mtoto."

"Mtoto umemwona wapi? Nionyeshe. Umemwona?"

Kisha yule baba akasema polepole, "Sijamwona. Na wewe hujamwona. Unaangalia hayo maji miaka mingapi sasa?"

Sista alikata simu. Aliiweka ndani ya mfuko wa chupa ya chai, ule wa sufu alioufuma mwenyewe, kama vile simu ndiyo iliyokuwa inaona baridi. Akainua darubini akaanza tena upya kutoka kushoto, ingawa alikuwa ameshamaliza. Akatazama mara ya pili, mara ya tatu. Nilimwambia jua linashuka. Akasema, "Nenda." Nikamwambia siendi. Akasema, "Bongo, nenda kwenye gari, niache hapa." Niliogopa sauti ile. Nilikuwa nimewahi kuisikia kwa wagonjwa, nayo haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu ambaye ameacha kuvuta kamba. Nilikaa kwenye mchanga, nikashika mguu wa kiti chake. Nilishika mguu wa kiti tu, mpaka akaniuliza kama nimepata wazimu, na akakubali kuinuka.

Tangu siku hiyo sikumruhusu aende peke yake. Nilibadilishana zamu na watu, nilikosa arusi na misiba. Binti yangu, ambaye anakielewa Kiswahili lakini hunijibu kwa Kiingereza, aliniuliza kwa nini kila Jumapili ya baridi namfuata mwanamke ambaye si ndugu yetu. Nilimwambia ni rafiki yangu. Akasema rafiki wa kweli angempeleka kwa mtaalamu. Nilikuwa nimempeleka. Sista alikwenda mara moja, akamsikiliza yule mtaalamu, akatoka akaniambia, "Mtoto mzuri. Ataninyima usingizi na maswali yake, lakini ni mtoto mzuri." Hakurudi.

Ni ile siku ya wavuvi ndiyo iliyonionyesha aliishi na nini ndani yake.

Bahari ilikuwa imechafuka. Mawimbi yalikuja kwa mafungu, matulivu kwanza, kisha makubwa mawili matatu yanayopanda mwambani na kurudi kwa mvumo. Tuliwaona wanaume wawili wamesimama pale chini, kwenye mwamba uliolowa, na fimbo zao za kuvulia, bila jaketi la kuokolea. Sista aliwaona kwa darubini. Alinyanyuka. Nilidhani ananyoosha miguu yake. Nilipogeuka alikuwa ameshaanza kushuka, mwanamke wa miaka sitini na zaidi mwenye nyonga mbovu, akishika mawe kwa mikono, na darubini inagonga kifuani.

Nilimfuata nikimwita. Hakugeuka. Alifika kwa wale wanaume, akapita baina yao, akasimama mbele yao, mgongo wake ukitazama bahari. Akawaambia kwa Kiingereza cha wodini kwamba hawatavua hapo.

Mmoja alicheka. Mwingine, mnene, mwenye ndevu, alimwambia atoke, huyu mama vipi, hii si mali yake.

"Tupa ndoano," Sista alimwambia. "Inipate mimi."

"Una kichaa?"

"Ndiyo. Ondokeni."

Nilimfikia nikamshika jaketi kwa nyuma. Wimbi lilipiga. Halikuwa kubwa, lakini lilitufika mapajani, likavuta. Nilihisi mwamba unateleza chini ya viatu vyangu na uzito wa Sista ukienda, na yule mwenye ndevu, huyohuyo aliyekuwa akimtukana, akamdaka mkono. Maji yaliporudi tulikuwa tumesimama wote wanne tumeshikana kama watu wanaocheza ngoma. Ndoo yao ilikuwa imechukuliwa. Tuliiona ikielea, nyeupe, ikizidi kwenda mbali.

Wale wanaume walikusanya vitu vyao. Mwenye ndevu alipanda, na alipofika juu salama hasira ikamrudia, akamtukana Sista matusi mazito, na kuondoka. Sista alimsikiliza kwa makini, akiitikia kwa kichwa, kama anayepewa ripoti ya zamu. Kisha akainama nyuma ya jabali akatapika.

Nilimfunika blanketi. Meno yake yalikuwa yanagongana. "Mtu mmoja tu," alisema. "Siku ile. Mtu mmoja tu mwenye kichaa kama mimi angepita hapa." Alirudia maneno hayo mpaka tulipofika Auburn, nami nilimpeleka kwangu, nikamwogesha kwa maji moto, nikamvisha soksi.

Sikutarajia kwamba angekubali kwenda Kenya. Mume wake aliugua, na kwenye simu hakumwomba tena, alimwambia tu kwamba hataki kufa na kumwacha mtoto hana mahali. Sista alikata tiketi wiki ileile. Kule kanisani walisema afadhali, sasa atapumzika, hatarudi tena. Hata mimi niliamini hatarudi. Nilimsindikiza uwanjani, tukakumbatiana, akaniambia nisiwe napika wali mwingi hivyo, nitapata sukari.

Alirudi kabla baridi haijaisha. Jumamosi moja simu ililia.

"Bongo, kesho uko ofu?"

Alikuwa amekonda. Garini alikaa na mikono mapajani, darubini iko kwenye mkoba. Bahari siku hiyo ilikuwa imelala kama sahani, anga safi, baridi kavu ya mwezi wa nane. Alikaa kwenye kiti chake, wala hakuanza kushoto. Alitazama mbele tu kwa macho matupu, akaniambia bila kuulizwa.

"Walimvisha suti yake ya kuhitimu. Na viatu. Mgomba hauna miguu, Bongo, walivifunga kwa kamba. Wakaniambia njoo utazame. Nikatazama. Utomvu ulikuwa umetoka, umelowesha shati. Nikataka kucheka. Wallahi nikataka kucheka mbele ya wazee." Aliapa kwa neno langu, la watu wa pwani, bila kujua. "Halafu wanawake wakaanza kulia, na mimi nikalia. Nililia mpaka sauti ikaisha. Siku mbili sikuwa na sauti. Baba Brayo alinishika mkono, akasema sasa tumemaliza."

"Mmemaliza?"

"Yeye amemaliza. Analala sasa, anakula. Nimefurahi." Alifuta pua kwa kona ya blanketi. "Mimi nilikaa pale kaburini kila jioni. Nikingoja nisikie kitu. Nilisikia mgomba. Basi. Nimeuzika mgomba, mdogo wangu. Mwanangu bado yuko hapa kwenye baridi."

Nilikuwa nimetegemea hilo kaburi zaidi yake, nadhani. Nilitegemea kwamba atarudi mwingine, au hatarudi, na kwamba Jumapili zangu zitanirudia. Vitwitwi vilikimbia mbele ya maji, na hakuvigombeza.

Akaja mwanamke mzee wa Kizungu, mwembamba, na mbwa wake wa kahawia mwenye mvi puani. Tulikuwa tunamwona mwaka hadi mwaka pale ufukweni, tukisalimiana kwa kichwa tu. Aliona mkoba wa darubini umefunguka, akauliza kwa uchangamfu kama tumeona kitu kizuri leo.

Miaka yote Sista aliwajibu wapita njia swali hilo haraka: mwari, misumari, padri. Safari hii alimtazama yule mama kwa muda mrefu hata nikaona aibu, nikafungua mdomo nijibu mimi.

"Mtoto wangu alikufa hapa," Sista alisema kwa Kiingereza. "Alizama. Hawakumpata. Sitazami ndege. Namtafuta yeye."

Lile neno alilisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha akanyamaza.

Nilingoja yule mama aseme pole, aseme Mungu atakufariji, amvute mbwa wake aende zake, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Hakusema pole. Alizungusha kamba ya mbwa mkononi, akageuka akaitazama bahari, akamgeukia tena Sista.

"Alikuwa amevaa nini?" aliuliza.

Tangu polisi wa siku zile, hakuna aliyewahi kumwuliza Sista swali hilo. Si mchungaji, si mume wake, si mtaalamu. Si mimi, niliyekaa kando yake baridi zote hizo.

"Jaketi," Sista alisema. "Jaketi ya bluu. Ya kazini. Ina mistari ya kung'aa hapa, na hapa." Alijigusa mabegani, kifuani. "Suruali nyeusi. Viatu, sijui alivaa viatu gani. Nilikuwa kazini alipotoka. Sijui alivaa viatu gani."

"Jaketi ya bluu," yule mama alisema.

Alishuka taratibu mpaka akakaa kwenye mchanga upande wa pili wa kiti, mbwa akajilaza miguuni pake. Akaweka kiganja juu ya macho kukinga jua, akaanza kutazama majini, kutoka kwenye miamba.